Ndoo Moja, Awamu ya Pili

Barua imekuja pamoja na boksi la zabibu.
Barua nimeipokea, nimeigonga mhuri wa tarehe.
Zabibu nimezirudisha kwa dereva yuleyule,
ila punje tatu zilizodondoka mezani
nilizila. Naandika hapa ili ijulikane.

Barua inasema: awamu ya pili imekamilika,
barabara, mitaro, mabomba, nguzo ishirini na sita za taa;
tafadhali tuachieni dhamana yetu ya benki
tukaanze awamu ya tatu, wateja wanasubiri.
Imesainiwa na Mhandisi Tarimo, kwa wino wa kijani.

Dhamana yenyewe ni karatasi moja.
Inakaa kwenye kasiki, nyuma ya mlango unaolia,
nyepesi, ungeweza kujipepea nayo mchana huu wa Oktoba.
Lakini ndani yake mna kokoto, mna saruji,
mna kilomita mbili na robo za mtaro zimejikunja
zikingoja siku ambayo mwenye deni atakimbia.
Nayo ina ajali yake: inakufa Ijumaa,
saa tisa alasiri, benki ikifunga.

Jumatano nikapanda bodaboda hadi Nala.

Nilipitia kwanza awamu ya kwanza.
Ile haikuwa na dhamana. Ilikuwa na maneno,
na bango la familia inayocheka.
Bango sasa ni paa la banda,
familia inacheka kwa ndani, wanaoiona ni mbuzi.
Pale ramani inapoandika *barabara, mita kumi na mbili*
pana korongo,
na Nyemo Sechilongwa huvuka kwenda kwake juu ya mlango:
mlango wa mbao wa chumba cha watoto,
aliung'oa mwenyewe akaulaza juu ya shimo.
Watoto wanalala nyuma ya khanga.

Awamu ya pili inapendeza, sitasema uongo.
Kingo zimepakwa chokaa. Mtaro umenyooka
kama mstari wa rula kwenye daftari jipya.
"Dada Yusta, si unaona?" akasema mhandisi.
Nikasema naona. Naomba ndoo ya maji.

Ndoo ilitoka nyumba namba 214, kwa Lazaro Mhembano,
aliyeileta bila kuuliza, akasimama na kandambili zake.
Nikamwaga taratibu, kichwani mwa mtaro.
Maji yakaenda hatua nne
kama mgeni anayetafuta nyumba,
yakasimama,
yakafikiri,
yakarudi polepole hadi kwenye msingi wa mwenye ndoo.

Vumbi likapita katikati yetu. Hakuna aliyesema.

Kisha mhandisi: "Kumbe hamtuamini."

Nikamwambia, kwetu Mvumi mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja
na hakuna kiumbe alichokiamini zaidi.
Hata hivyo kila asubuhi ndama alibaki zizini.
Ng'ombe alikwenda malishoni, mbali kadiri alivyotaka,
na jioni hakuna aliyemwita.
Alirudi mwenyewe, kiwele kimejaa.
Ndama wako yuko kwenye kasiki, salama.
Nyoosha mtaro, kisha uje umfungue.

Alicheka, si sana. Akapiga simu benki
akiwa ameegemea nguzo namba kumi na tisa,
ambayo tangu isimikwe haijawahi kuwaka:
miezi sita zaidi, ndiyo, kiasi kilekile, ndiyo, kabla ya Ijumaa.

Miezi sita ina msimu mmoja wa mvua ndani yake.
Mvua itakagua vizuri kuliko mimi.
Kama karatasi haitafika Ijumaa saa nne
nitakwenda benki mwenyewe kuidai fedha,
na barua ya madai nimeshaichapa,
imebaki tarehe tu.

Nilipotaka kupanda bodaboda nikakumbuka:
mabomba ya awamu ya pili bado yanatoa upepo,
yale maji yalikuwa ya kununua.
Nikampa Lazaro mia tano.
Akaitazama, akanirudishia, akaokota ndoo yake.
"Hapana," akasema. "Hiyo nayo iandike kwenye faili."